Kuchukua Dungu Msituni: Taratibu ya Mzigo wa Mwindaji wa Uta



Nimepewa dhima ya kusema juu ya jambo ambalo aghalabu huhesabiwa kuwa kazi ya mpagazi kuliko ya mwindaji, yaani namna ya kulichukua dungu la kuhamishika pamoja na zana zake mpaka chini ya mti, kulipandisha pasipo kishindo, na kulirudisha salama. Mfano wangu nautoa katika misitu ya Wisconsin, kaskazini ya Marekani, kwa kuwa mwaka 1934 jimbo lile lilitangulia kutenga msimu wa kuwinda kulungu kwa uta peke yake, na kwa kuwa kulungu wa huko mwenye mkia mweupe ana pua na masikio yasiyosamehe upuuzi hata kidogo. Hoja yangu ni moja: kosa la njiani hulipwa juu ya mti. Jasho lililotoka kwa haraka ya mwendo hunuswa saa ya kungoja, chuma kilichofungwa ovyo hulia wakati wa kupanda, na mguu uliochoshwa na mzigo huteleza mita kadha wa kadha kutoka ardhini. Maadamu mambo ni hayo, uchukuzi ni sehemu ya uwindaji wenyewe.

1. Sababu ya mzigo kuwa mzito

Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, aliyetokea katika mji wa Oroville, California, mwaka 1911, na ambaye daktari Saxton Pope alijifunza kwake sanaa ya uta, alikuwa na mzigo mdogo: uta na mishale vilikaa pamoja katika podo la ngozi ya fisi maji, naye aliwinda akiwa ardhini, akijificha na kuigiza sauti za wanyama. Pope na sahibu yake Arthur Young waliieneza sanaa ile hata wakafika Tanganyika mwaka 1925, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, kuwawinda simba kwa mishale. Baadaye Holless Wilbur Allen wa Missouri aliomba hataza ya uta wenye roda mwaka 1966, akaipata mwaka 1969. Roda zile hupunguza uzito wa upote mwisho wa kuvutwa, hata mwindaji akaweza kungoja kitambo akiwa amekwisha uvuta. Lakini pamoja na hila zote hizo, mshale bado hutupwa kwa masafa mafupi, kwa kawaida mita 20 hadi 30, na mtu aliye karibu hivyo na kulungu hana budi kukaa mahali ambapo macho na pua za mnyama hazimfikii kwa wepesi. Ndipo watu wakapanda mitini, kadiri ya mita 5 au 6.

Wakulima wa pwani yetu wanalijua dungu, kwani wamekaa juu yake tangu dahari kulinda mpunga na mahindi yasiliwe na nguruwe na ndege. Ila dungu la shamba hujengwa likakaa msimu mzima, ilhali la mwindaji huyu huenda na kurudi naye. Katika ardhi nyingi za umma kule Marekani ni marufuku kupigilia misumari katika mti, na mahali pengine ni marufuku hata kuliacha dungu likalala mtini usiku. Fauka ya hayo, mti uliokaliwa mara nyingi hutambuliwa na kulungu, nao huuzunguka kwa mbali. Sheria na tabia ya mnyama zimeungana kumtwika mwindaji nyumba yake mgongoni.

2. Aina za madungu

Aina ya kwanza ni dungu la kujipandisha, lenye vipande viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha miguu, kila kimoja kikiwa na ukanda au waya unaolizunguka shina. Mwindaji hukiinua hiki huku amekitegemea kile, mpaka afike. Uzito wake ni takriban kilo 9 hadi 11, nalo hutaka mti ulionyoka usio na matawi chini. Aina ya pili ni dungu la kutundika, jepesi zaidi, linalokubali hata mti uliopinda, lakini hudai ngazi fupi fupi za kufungwa moja juu ya moja, na kila ngazi ni uzito na ni chuma cha kugongana. Aina ya tatu ni mkanda mpana wa kukalia, ambao mwindaji huning'inia ndani yake akiegemea mti, miguu yake ikikanyaga kibao kidogo. Huo ndio mwepesi kupita yote, lakini hutaka mazoezi marefu. Atakayechagua na autazame kwanza msitu anaokwenda, kisha umbali wa njia, na bei aiweke nyuma ya hayo mawili.

3. Taratibu ya kufunga

Kanuni ya kufunga ni kwamba kitakachotumika kwanza kifungwe mwisho. Mikanda ya usalama ivaliwe kabla ya kuondoka, au ilale juu ya vitu vyote ndani ya shanta. Inayofuata ni kamba ya mtini, halafu ngazi, kisha dungu, na nguo za kungojea zikae chini kabisa. Kila bizimu livishwe kitambaa, kila mnyororo utiwe ndani ya mpira, na ngazi zifungwe zisiguse fremu ya dungu. Uzito mkubwa ukae karibu na uti wa mgongo, juu kidogo ya kiuno, ili mabega yasivutwe nyuma. Uta uchukuliwe mkononi, na vyembe vya mishale, vikali kama vilivyo, visitoke katika kifuniko cha podo kwa hali yoyote.

Mavazi nayo yana hukumu yake. Mwezi wa Novemba, kulungu dume wanapotafuta majike, baridi ya Wisconsin humshawishi mtu ajivike nguo zote nyumbani. Naye akifanya hivyo atafika mtini ameloa, harufu yake imemtangulia, na baada ya saa moja jasho lile lile litamgandisha. Avae nyepesi njiani, aende taratibu, apumzike kabla ya kupanda, kisha avae sufu akiwa mkavu. Njia yake aichague kwa kuujua upepo: jua la asubuhi likipasha mteremko, hewa hupanda, na jioni ikipoa hushuka kuelekea mabondeni, ikichukua habari za mwindaji.

4. Kupanda na kushuka

Katika majeraha ya wawindaji wa mitini, kuanguka ndiko adui mkubwa, na wengi huanguka wakipanda, wakishuka, au wakivuka kutoka ngazini kuingia dunguni. Kwa hiyo mwindaji afungwe na mti tangu miguu yake inapoacha ardhi mpaka inapoirudia, kwa kamba yenye fundo linalosogea likisukumwa kwa mkono na kukaza likivutwa kwa uzito. Uta na shanta vipandishwe kwa kamba baada ya yeye kukaa salama, mshale ukiwa haujapachikwa katika upote. Awe pia na kitanzi cha kukanyagia, kwani aliyening'inia katika mikanda bila msaada wa miguu aweza kudhurika hata baada ya kuokoka na mwanguko.

Kurudi kunataka hadhari zaidi, kwa sababu giza limeingia na mikono imekufa ganzi. Aliyemchoma kulungu ana shughuli ya kumfuata na kumtoa, na mnyama huyo ni mzito kuliko vyombo vyote alivyokuja navyo. Basi dungu na libaki chini ya mti, panapo ruhusa, lirudiwe safari ya pili, kuliko kuunganisha mizigo miwili juu ya mgongo mmoja.

5. Mapendekezo

Ninaomba semina iyajadili mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa uta afundishwe kufunga na kufungua mzigo wake gizani, kwa kupapasa, dungu likiwa kimo cha goti, kabla hajaruhusiwa kupanda juu. Pili, mzigo mzima utikiswe mbele ya mwalimu, na chochote kitakacholia kifungwe upya au kiachwe. Tatu, mwindaji aandike na kumwachia mtu wa nyumbani jina la msitu, upande wa mti wake, na saa ya kurejea; karatasi hiyo haina uzito wowote, nayo ndiyo itakayowaongoza watafutaji iwapo vingine vyote vimeshindwa.