Mizizi Nayo Hupumua

Leo twataka kuongea nanyi juu ya ua moja lililopandwa katika mkebe, na jinsi tulivyokaribia kuliua kwa kulipenda.

Ua hilo lilikuwa la bibi yetu, ambaye huku kwetu twamwita kukhu. Lilikaa dirishani miaka mingi, lenye majani mazito ya manyoya na maua ya zambarau. Asili yake ni papa hapa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1892 Mjerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alilikuta katika milima ya Usambara, iliyo Tanzania ya leo, mbegu zake zikapelekwa Ujerumani. Mwaka wa 1893 wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa heshima yake, na leo lapandwa majumbani duniani kote. Huko kwao huota kivulini, kwenye nyufa za miamba, mahali ambapo maji hupita wala hayatuami.

Kukhu alipofariki, babu alitukabidhi ua lile. Kila jioni alituuliza, "Wajukuu zangu, ua la bibi yenu halijambo?" Basi nasi tukalinywesha asubuhi na jioni, tusije tukamhuzunisha. Tena tuliona mkebe wake umeshika kutu, tukalihamishia katika mkebe mpya uliopakwa rangi nzuri. Kuutoboa chini hatukukumbuka.

Baada ya majuma machache majani yakalegea. Tukasema, "Lina kiu." Tukaongeza maji. Likazidi kulegea, nasi tukazidi kumimina.

Mama mmoja jirani, mwenye kitalu cha miche, alipokuja kutuamkia hakuuliza habari za majani. Aliuinua mkebe, akatikisa kichwa kwa uzito wake, kisha akalitoa ua pamoja na udongo wake. Harufu mbaya ikatoka. Mizizi ilikuwa myeusi, laini kama mboga iliyooza.

"Wanangu," akasema, "mmelizamisha. Mizizi nayo hupumua."

Akatueleza. Kati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo za hewa. Maji yakizijaza siku baada ya siku, mizizi hukosa hewa, huanza kufa, na kuvu huimaliza kwa kuiozesha. Mzizi uliooza hauwezi kunywa. Kwa hiyo majani hulegea kwa kiu, hali mmea umesimama katikati ya maji! Asiyejua huongeza maji, naye huongeza ugonjwa.

Alikata mizizi yote myeusi kwa kisu safi, akabakiza michache iliyokuwa meupe na migumu. Akachanganya udongo mweusi wa juu, samadi iliyooza vizuri, na mchanga wa mto, ili maji yapite. Akatoboa mkebe mdogo matundu chini. Tulipotaka kuweka kokoto badala ya matundu, alikataa: kokoto haziyatoi maji nje. Kisha akachuma jani moja zima pamoja na kikonyo chake, akalichomeka pembeni, kwa maana jani la ua hili laweza kutoa mizizi na kuzaa mche mpya.

Ndugu msikilizaji, ukiwa na ua nyumbani, shika haya. Kabla ya kulinywesha, tia kidole udongoni mpaka kiungo cha kwanza. Kukiwa na unyevu, liache. Kukikauka, mimina polepole hadi maji yatokee chini, kisha yamwage yaliyobaki katika kisahani. Mizizi ikichungulia matunduni, au maji yakipita mbio bila kushikwa na udongo, ujue chombo kimekuwa kidogo. Lihamishie katika chombo kilichozidi kwa vidole viwili tu. Kikiwa kikubwa mno, udongo hukaa na maji mengi ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza. Lipande kwa kina kile kile cha zamani, kisha liweke kivulini siku chache.

Ua letu mzazi halikupona. Lakini lile jani, baada ya miezi kadhaa, lilitoa vijani vidogo kama masikio ya panya. Tulimwita babu aje aone.

Siku ile tulitambua jambo jingine. Tangu msiba, babu naye tulikuwa tukimfanyia vivyo hivyo. Tulimjazia maneno, wageni na mashauri, asubuhi na jioni. Aliponyamaza, tuliongeza. Hakuna kati yetu aliyemwuliza ahitaji nini. Jioni ile tulikaa naye barazani bila kusema neno, na baada ya kitambo mwenyewe akaanza kutusimulia jinsi alivyomwoa kukhu.

Mnakumbuka yule mtunza shamba katika Injili ya Luka, sura ya 13. Mtini ulipokosa matunda, aliomba apewe nafasi kwanza aupalilie na kuutilia samadi. Alianzia chini, penye mizizi. Nasi na tuanzie huko. Kuna mtoto nyumbani, au mgonjwa, au mfiwa, ambaye majani yake yamelegea. Kabla hujammiminia tena, tia kidole udongoni: keti naye, umwulize, usikilize.