Ujuzi Haupungui kwa Kugawiwa

(Maneno aliyoyasema mmoja wa wazazi wetu kwenye mkutano wa familia)



Nilipofika hapa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye ghala la mizigo. Mashine ya kusomea lebo za maboksi niliizoea upesi kuliko wenzangu. Waliponiomba niwaonyeshe, nilijifanya sina nafasi. Niliogopa: wakijua wote, mimi nitabaki na nini?

Mwaka wa pili mashine ile ikaondolewa, ikaletwa nyingine. Siri yangu ikawa haina kazi tena. Aliyenifundisha ile mpya ni mama mmoja wa Burundi, mmoja wa wale niliowanyima. Siku tatu alitumia muda wake wa chakula kunielekeza, wala hakunidai kitu. Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Ndugu zangu, kazi za nchi hii zinabadilika haraka. Unachokijua leo, kesho huenda kisitakiwe. Ndipo utahitaji mtu wa kukufundisha upya.

Mtazameni Salman Khan. Mwaka 2004 alianza kumfundisha hesabu binamu yake, Nadia, kwa simu, kila mmoja akiwa mji wake. Ndugu wengine nao wakataka, akarekodi masomo na kuyaweka YouTube, yeyote ayaone. Leo Khan Academy inafundisha bure watu wa nchi nyingi. Ilianzia kwa mtoto mmoja wa ukoo.

Nasi tunaweza kuanzia nyumbani. Mtihani wa GED, kwa waliokatishwa sekondari, una masomo manne: hesabu, lugha, sayansi na maarifa ya jamii. Aliyefaulu hesabu amwelekeze anayehangaika nayo. Mwenye leseni ya udereva akae na jirani, amfafanulie kitabu cha sheria za barabarani kwa Kiswahili. Kama nyumbani hakuna kompyuta, nendeni pamoja maktaba ya umma. Zipo za kutumia bure.

Usiseme Kiingereza changu hakitoshi. Yule mama naye alikuwa na maneno machache tu ya Kiingereza. Alinifundisha kwa Kiswahili na kwa vidole.

Wiki hii, kila mmoja amtafute mtu mmoja, amwonyeshe jambo moja. Mimi bado nina deni, na nimeshaanza kulilipa.