FUNDI NA MWENYE CHOMBO: PATANENI KABLA YA KUFUNGUA

(Mazungumzo na wakaaji na mafundi wa soko la kambi, Tanzania)



Leo tuzungumze juu ya ugomvi wa simu na redio. Chombo kimepelekwa kwa fundi, kimerudi kibaya kuliko kilivyokwenda. Mwenyewe anasema, "Umebadilisha vifaa vyangu." Fundi anajibu, "Kilikuwa kimekwisha kufa." Nani ataamua?

Vyombo vingi vimetoka ng'ambo. Vingine vimenunuliwa bila risiti, vingine vimeletwa na ndugu walioko Marekani au Ulaya. Kikiharibika, hakuna duka la kukirudishia. Basi dhamana yako ni mapatano utakayofanya na fundi kabla hajashika bisibisi.

Fanyeni hivi:

1. Kiwasheni pamoja mbele ya shahidi. Andikeni kinachofanya kazi na kisichofanya.

2. Simu ikiwaka, bonyeza *#06#. Itaonyesha namba yenye tarakimu 15. Iandike. Toa laini na kadi ya kumbukumbu, ondoka nazo.

3. Pataneni bei ya kukagua na bei ya kutengeneza. Kikihitajika kifaa kingine, fundi aulize kwanza.

4. Kifaa kilichotolewa arudishiwe mwenyewe.

5. Andikeni siku ya kuchukua. Kila mmoja abaki na karatasi yake.

Angalieni umeme pia. Redio ya Marekani ikiandikwa 120V peke yake, usiichomeke kwenye umeme wa Tanzania, ambao ni 230V. Itaungua, na fundi atalaumiwa bure. Ikiandikwa 100–240V, haina neno.

Nanyi mafundi, karatasi hiyo inawalinda. Chombo msichokiweza, semeni mapema. Jina jema ndilo linaloleta wateja.

Ugomvi ukitokea, msipigane, wala mtu asinyang'anye chombo cha mwenzake. Pelekeni karatasi zenu kwa wazee wa usuluhishi, wasikilize pande zote mbili.

Neno la mwisho. Redio hununuliwa nyingine. Lakini ndani ya simu huenda mna namba pekee ya mtoto au ndugu mliyepotezana naye njiani. Kabla ya kwenda kwa fundi, nakili namba zote. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.