AFYA NA FURAHA YA WATOTO WA SKULI WAKATI WA LIKIZO: TARIME NA SERENGETI



Inapotajwa afya ya mtoto wa skuli, hutajwa kwanza maji safi, chakula cha mchana, chanjo na vyoo. Hayo ni ya lazima. Lakini katika Wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara, iko hatari inayomkabili mtoto wa kike skuli zikiwa zimefungwa. Hatari hiyo ni ukeketaji, unaofanywa zaidi wakati wa likizo ya Disemba.

Madhara yake ni kutokwa na damu nyingi, pepopunda, na taabu wakati wa kujifungua. Aidha, kwa wanaoshika mila hiyo, msichana aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa. Hivyo skuli zinapofunguliwa Januari, nafasi yake darasani huweza kubaki tupu.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeweka kifungo cha miaka 5 hadi 15 kwa mlezi anayemkeketa, au kusababisha akeketwe, mtoto wa chini ya miaka 18. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 32 katika kila 100 mkoani Mara walikuwa wamekeketwa. Mwaka 2022 walikuwa 28. Nafuu hiyo ni ndogo.

Wasichana wengine hukimbilia nyumba salama zilizoko Masanga, Tarime, na Mugumu, Serengeti, ambako hupewa malazi, chakula na mafunzo. Likizo inapomalizika, maofisa wa ustawi wa jamii na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto huzungumza na wazazi, ili waahidi kwa maandishi kutomkeketa mtoto. Wapo wanaokubali. Wapo wanaokataa, na mtoto hubaki kulelewa na watu baki: mwili wake umesalimika, lakini amepoteza kwao.

Kwa hiyo, wahusika wanakumbushwa yafuatayo:

(a) Walimu wazungumze na wazazi kabla ya skuli kufungwa, na zinapofunguliwa wafuatilie kila jina lisiloitikiwa.

(b) Wazee wa mila wabakishe mafunzo, ngoma na zawadi, na waache wembe.

(c) Mwenye habari ya mtoto aliye hatarini apige simu namba 116, bila malipo, Bara na Visiwani.

Mtoto anayeogopa kurudi nyumbani hawezi kuitwa mwenye afya wala mwenye furaha.