Sarafu Iliyopotea Ndani ya Nyumba

Somo letu la leo lapatikana katika Injili ya Luka, mlango wa 15, mstari wa 8 hadi wa 10. Ni habari za yule mama aliyekuwa na sarafu kumi, moja ikampotea, naye hakutulia mpaka alipoipata.

Miezi michache iliyopita, baada ya ibada, sisi tunaohesabu sadaka tulikaa mezani kama kawaida. Pamoja nasi alikuwako kijana mmoja, hodari wa hesabu. Siku hiyo tulimwona akigeuza kila sarafu, anaitazama mbele na nyuma, anaisogeza karibu na dirisha. Tulipomuuliza, alitueleza kwamba kuna sarafu zilizokosewa kiwandani, na watu wanaozikusanya huzinunua kwa bei kubwa kuliko thamani iliyoandikwa. Kisha akatuonyesha moja ya shilingi 20 ambayo ndovu wake hakukaa katikati. "Wazee wangu," akasema, "nikitia shilingi 20 nyingine kapuni, je, naweza kuichukua hii? Kanisa halitapoteza kitu."

Habari aliyotuambia juu ya sarafu ni ya kweli. Mwaka 1943, wakati wa vita, Marekani ilihitaji shaba kwa ajili ya risasi, kwa hiyo senti zake zikapigwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Lakini vipande vichache vya shaba vilikuwa vimebaki katika mitambo, navyo vikapigwa chapa ya mwaka huo. Mwaka 1947 mwanafunzi wa miaka 16 alipata senti moja ya namna hiyo katika chenji ya chakula chake cha shuleni. Aliitunza maisha yake yote, na mwezi wa Januari 2019, baada ya kufa kwake, iliuzwa kwa dola 204,000. Wadanganyifu nao wamepaka shaba juu ya senti za chuma za mwaka ule ule. Lakini ukileta sumaku, ya uongo hunaswa, ya kweli hubaki mahali pake.

Basi, ndugu zangu, ikiwa shilingi 20 yabadilishwa kwa shilingi 20, ubaya uko wapi? Ubaya ungekuwapo kama mmoja angejua thamani yake, naye akawaficha wenzake. Yule mtu wa Mathayo 13:44, aliyekuta hazina shambani, hakuichukua usiku na kukimbia. Aliuza vyote alivyokuwa navyo, akalinunua shamba zima.

Nchini Uingereza, katika kijiji cha Hoxne, mwezi wa Novemba 1992, mkulima alipoteza nyundo yake shambani. Akamwomba rafiki yake aje na chombo cha kutafutia vyuma ardhini. Rafiki huyo hakuiona nyundo kwanza. Aliona dhahabu na fedha za Warumi wa kale. Alipotambua ukubwa wa jambo, aliacha kuchimba, akatoa habari. Siku ya pili wataalamu wakaja, wakachimbua sarafu karibu 15,000. Kwa kuwa alikuwa ameacha kuchimba mapema, waliweza hata kuona jinsi mali ile ilivyopangwa sandukuni. Alilipwa pauni 1,750,000, akagawana na mkulima. Na ile nyundo? Nayo ilipatikana, ikawekwa katika jumba la makumbusho pamoja na hazina yenyewe.

Lakini mwaka 2015, katika nchi hiyo hiyo, watu wawili walifukua hazina nyingine, wakaficha, wakaanza kuuza kidogo kidogo. Mwaka 2019 walihukumiwa kifungo cha miaka mingi, na sehemu kubwa ya sarafu zile haikuonekana tena.

Haya yote tungaliweza kumweleza kijana wetu kwa upole. Hatukufanya hivyo. Mmoja wetu alitamka neno "mwizi", na sisi wengine tukanyamaza. Tuliifunga sarafu ile katika karatasi, tukaiandika daftarini, tukaiweka sandukuni na kulifunga kwa ufunguo. Tukaenda nyumbani tukijiona watu waaminifu.

Jumapili iliyofuata kijana hakuja. Ya pili hakuja. Ya tatu, mweka hazina alipofungua daftari, alisoma maandishi yetu juu ya ile sarafu, akatutazama. Hakuna aliyesema kitu. Tulikuwa tumeokoa shilingi 20, tumempoteza mtu.

Ndugu msikilizaji, angalia sana mfano wa Bwana Yesu. Kondoo alipotea nyikani. Mwana mpotevu alipotelea nchi ya mbali. Lakini sarafu ilipotea ndani ya nyumba, palepale mwenyewe alipokuwa akilala na kupika. Haina miguu ya kurudi yenyewe. Na ili aipate, yule mama alihitaji taa na ufagio. Mtu akiwasha taa ndani ya nyumba, kitu cha kwanza anachokiona ni vumbi lake mwenyewe.

Wale watembeao na chombo cha kutafutia vyuma wanajua kazi hiyo. Chombo kikipita juu ya chuma, hulia masikioni. Lakini mara nyingi hulia kwa ajili ya msumari wenye kutu au kifuniko cha soda. Mwenye kutafuta hana budi kupiga magoti kila mara, achimbe, atazame. Asiyetaka kuchafua magoti yake hapati kitu.

Basi tulikwenda watatu, Alhamisi jioni. Mama yake alitukaribisha, akatupa chai. Kijana aliketi akitazama chini. Yule mzee aliyetamka lile neno ndiye aliyeomba msamaha kwanza, kisha sisi tulionyamaza. Kijana akainua macho, akasema, "Wazee wangu, mimi niliwauliza mbele yenu wote. Mwizi haulizi."

Maneno hayo yalituchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Alikuwa ametuambia wazi alilolijua na alilolitaka. Alihitaji kufundishwa, nasi tukamhukumu. Tuliomba pamoja, tukaondoka. Jumapili iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu bado. Ile ya baadaye alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Sasa yupo tena mezani pamoja nasi. Ile sarafu ingali sandukuni. Tumemwomba yeye mwenyewe atafute wajuao mambo hayo, aulize bei yake, atuletee habari mbele ya kamati yote.

Wewe unayetusikiliza, je, nyumbani mwako ni nani aliyepotea bila kutoka nje? Labda ni mtoto mliyemwita jina baya mwaka jana. Labda ni mke, au ndugu, akaaye pamoja nanyi mezani wala hasemi. Sarafu iliyokosewa huthaminiwa na wakusanyaji kwa sababu ya kosa lake. Mungu hatuthamini kwa sababu ya makosa yetu. Atuthamini kwa sababu tulipigwa chapa ya sura yake, kama tusomavyo katika Mwanzo 1:27, na chapa hiyo, hata ikipinda, yeye aitambua. Washa taa leo, kabla hujalala.

Na tuombe. Ee Baba, utusamehe sisi tulinzao fedha kuliko watu. Utupe taa ya Neno lako, na magoti yasiyoogopa vumbi. Uwarudishe wale tuliowafukuza kwa ulimi wetu. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.