Ukumbi Mpya wa Kanisa: Tuliyoyaona Kasese na Bwera

(Maneno ya Kamati ya Ujenzi yaliyosomwa mbele ya mkutano wa jumuiya)



 Wote mnajua kwamba ukumbi wetu wa zamani hauko tena. Mchwa walikula nguzo, upepo wa mvua ukachukua turubai, na tangu siku ile tunasali chini ya mti, na akina mama wanapimiwa watoto juani. Mlitutuma watu wanne kwenda Kasese na Bwera, tukaone wenzetu wanajenga namna gani. Tumerudi. Fedha hatukuleta, ila tunayo mambo matatu ya kuwaeleza na ombi moja.

Mtauliza, kwa nini kule? Wengi wetu tuliingia Uganda kwa njia ya Kasindi na Mpondwe. Usiku wa kwanza katika nchi hii baadhi yetu tulilala Bwera, kwenye baraza za watu tusiowajua, lakini tukawaelewa waliposema, maana Kikonzo chao na Kinande chetu ni ndugu. Tena watu wa wilaya ile wamepata mafundisho mazito juu ya majengo. Wamefundishwa na maji, na tetemeko la ardhi, na hata moto.

Jambo la kwanza ni mahali.

Huko Kasese tulipelekwa hadi Kilembe, juu ya mji, penye mgodi wa zamani wa shaba. Mto Nyamwamba unashuka hapo kutoka milima ya Rwenzori. Mwezi wa Mei 2013 ulifurika, ukaingia mpaka Hospitali ya Kilembe. Mwezi wa Mei 2020 ukarudi na nguvu kubwa zaidi, ukaharibu hospitali ileile na kubomoa nyumba za watu. Tuliyaona mawe makubwa kuliko gari, yamelala mahali palipokuwa na makao. Tulipochukua barabara ya Bwera tulipita Muhokya. Familia zilizokimbia maji yale zilipelekwa hapo kambini, na nyingine zikakaa miaka kadhaa zikingojea mahali pa kuishi. Nao walikuwa raia katika wilaya yao wenyewe. Basi tuliwaza sana ndani ya gari.

Sasa tuseme ya hapa kwetu. Kiwanja chetu cha zamani kiko bondeni, hatua chache kutoka kijito. Wazee wanapapenda, kwa sababu ndipo tulipoomba Mungu mara ya kwanza baada ya kufika. Sisi pia tunapapenda. Lakini kila msimu wa mvua tulikuwa tunatoa matope ndani kwa majembe. Kamati inaona ukumbi mpya upande juu, karibu na tangi la maji. Tunajua kwamba mlima ni mgumu kwa wazee na kwa wenye ulemavu, kwa hiyo njia ichongwe kwanza, kabla ya msingi kuchimbwa.

Jambo la pili ni namna ya kujenga.

Eneo hili la magharibi limepitiwa na Bonde la Ufa, na ardhi yake hutikisika. Tetemeko la tarehe 20 Machi 1966 katika nchi ya Toro liliua watu zaidi ya 100. Tarehe 5 Februari 1994 ardhi ilitikisika tena, karibu na Fort Portal, na nyumba nyingi zikapasuka. Fundi mmoja wa Bwera alituonyesha kazi yake akasema kwamba tofali peke yake halina nguvu. Nguvu iko katika kufungwa. Yeye huzungusha lenta ya zege yenye nondo juu ya kuta zote nne bila kukata, kama mkanda kiunoni, na kenchi za paa huzifunga kwenye mkanda huo. Zege huchanganya saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne, kisha hulimwagilia maji siku saba. Anayepunguza saruji au kuacha kumwagilia, alisema, anajenga kaburi lenye mabati.

Tukamwuliza habari za milango. Alinyamaza kwanza. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, pale Mpondwe, waasi walishambulia shule ya sekondari, wakaua watu wapatao 40, na wengi wao walikuwa wanafunzi. Wengine waliteketea kwa moto ndani ya bweni. Watu wa Bwera bado wanazungumza habari hiyo kwa sauti ya chini. Fundi akatuambia tu: ukumbi wa watu wengi uwe na milango miwili mipana, kila mmoja upande wake, na yote ifunguke kwenda nje. Tumeandika hivyo katika mchoro, na tunaomba asije mtu baadaye akaondoa mlango mmoja ili kupunguza gharama.

Jambo la tatu ni fedha, na hapa lazima tuseme ukweli mbele ya wageni.

Mara ya kwanza tulichanga kwa ajili ya mabati. Mama mmoja alileta fedha ya kuku wake wawili. Mabati hayakuonekana, na mpaka leo hakuna anayeweza kusema fedha ile ilikwenda wapi, kwa sababu hatukuandika kitu. Kosa hilo ni letu sisi kamati. Hata kama hakuna aliyeiba, asiyeandika amefungua mlango kwa mwizi, tena amefungua mlango kwa masengenyo. Tunawaomba msamaha.

Kule Bwera tulikaa na wazee wa kanisa moja la mlimani waliojenga ukumbi wao kidogo kidogo. Mlangoni pao pana ubao. Kila Jumapili huandikwa kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Sanduku lao ni lile mnalolijua katika vikundi vya akiba, lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tatu. Wana kanuni nyingine iliyotupendeza: hawaanzi hatua kabla gharama yake yote haijapatikana. Msingi ni hatua, kuta ni hatua. Na kuta hawazipandishi mpaka fedha ya paa iko tayari, maana ukuta usio na paa hunyeshewa, na mvua mbili tu zinakula kazi ya mwaka.

Tunajua hali ya jumuiya. Tangu mwaka 2020 posho ya chakula imepunguzwa mara kadhaa, na hatuwezi kumwambia mjane atoe asicho nacho. Kwa hiyo mchango wetu wa kwanza uwe salongo. Kufyatua matofali, kuchoma tanuru, kuchota mchanga, kuteka maji, hayo mikono yetu inaweza. Kila siku ya kazi ya mtu iandikwe kwenye daftari, sawa na fedha. Wenye likelemba wakiamua kutoa zamu moja kwa ajili ya ukumbi, tutapokea na kutoa risiti. Kwa mashirika tutaomba tu kile ambacho mikono haiwezi kutengeneza: saruji, nondo, mabati ya geji 28, na nusu siku ya mhandisi aje akague kiwanja.

Kuna swali ambalo limeulizwa katika kila boma tulilopita. Ardhi hii ni ya serikali. Tumepewa kuitumia, hatuwezi kuiuza wala kuiita yetu. Kesho amani ikirudi tutakwenda nyumbani. Je, tunajenga kwa ajili ya nani?

Tuliulizana hilo njia nzima. Kisha mmoja wetu akakumbusha habari ya Nyabyeya, karibu na Masindi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi kutoka Poland waliletwa Uganda, wakawekwa kambini pale. Nao walikuwa wamepoteza nchi, wakangojea kama tunavyongojea. Wakajenga kanisa imara. Kabla ya mwaka 1950 kambi yao ilifungwa, wakatawanyika duniani. Kanisa limebaki, na wenyeji wa Nyabyeya wanasali humo hadi leo. Makaburi ya wenzao yako karibu, na yanatunzwa.

Sisi tulilala kwenye baraza za Bwera bila kulipa. Kama siku moja tutawaachia wenyeji wa hapa ukumbi wenye paa, watoto wao wasomee humo, kliniki ifanyiwe humo, deni lile litakuwa limelipwa kidogo. Kwa hiyo tunapendekeza hati iandikwe mapema, mbele ya mkuu wa kambi na viongozi wa kijiji, kwamba ukumbi hauwezi kuuzwa na utabaki kwa matumizi ya watu wote watakaokuwepo.

Sasa ombi letu. Shirika moja limejitolea kutusimamishia banda la miti na turubai palepale bondeni, kwa muda mfupi. Tunalishukuru kwa moyo. Tunaomba banda hilo lijengwe juu mlimani, litumike kwa watoto na wagonjwa, wala tusiliite ukumbi, tusije tukalala. Mkutano huu uamue leo kwa kunyoosha mikono: tungoje na kujenga mara moja, au tujenge haraka na kujenga tena.

Ubao tumekwisha kuuchonga, uko hapa mbele yenu. Mstari wa kwanza tumeandika deni la mabati yale, na sisi wa kamati tutaanza kulilipa kwa siku zetu za kazi.