SIKU MOJA TU

Ndugu wanachama, sisi wa reli tulioacha jamaa zetu Kitui na Makueni twajua kiangazi. Mto Tiva ukikauka, maji huchimbwa mchangani, na kijana wa miaka kumi na minne huambiwa, "Leo usiende shule, chukua punda." Wakati wa kuvuna ndengu, vivyo hivyo. Twasema ni siku moja tu.

Haya, tuhesabu. Siku moja kila juma ni moja katika tano. Kwa miaka mitano, mwaka mzima umepotea! Halafu tukija likizo tukaona ripoti mbaya, twamkaripia yeye. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yamdai mzazi, si mtoto.

Basi mshahara ukitoka, kwanza tutume pesa za maji. Punda aende Jumamosi.